Munkoyo ya Mwezi wa Sita

Mu mwezi wa sita munkoyo, kile kinywaji cha uji wa mahindi, haikomai haraka. Kila mama wa Lubumbashi mwenye kuiuza anajua: uji umepoa, mizizi imetiwa, lakini baridi inaingia mu ndobo, ile ndoo ya kuichachishia, na kesho yake iko tamu tu sawa maji ya sukari. Mama Ngosa alikuwa na njia yake. Alitia mbabula, jiko ya makala, ndani ya nyumba, kati ya ndobo, akaziba dirisha na gunia, akafunga mulango. Munkoyo ikachacha. Banywaji, ju ya kukimbia vumbi na mupepo ya inje, bakakaa mule mule karibu na moto, kikombe kimoja kikizunguka. Kichwa kikibauma, bakasifu nguvu ya munkoyo.

Muzee Paulin, wa kazi ya treni zamani, alikohoa mpaka machozi.

"Ngosa, unatukausha sawa samaki ya Kasenga!"

"Samaki haina kelele. Kunywa, muzee."

Kikohozi kikazunguka pamoja na kikombe. Kikafika kwa Ariel, mujukuu wa Ngosa mwenye kunyonya bado, mutoto wa mwana wake Donat na bibi yake Gaëlle, benye kukaa mu ile nyumba. Mbavu za mutoto zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Donat alikuwa kazini Sakania. Ngosa na Gaëlle bakamupeleka ku centre de santé. Syntiche, infirmière mwenye kutunza bagonjwa pale, akamushugulikia mpaka pumzi ikatulia. Kisha akauliza habari ya nyumba.

"Ni baridi tu," Ngosa akasema.

"Baridi iko na mukono wake, mama. Mupepo ya kukauka inaumiza pua, vumbi na moshi vinachokoza mapafu. Lakini kikohozi hakitoki mu mawingu, kinatoka mu kinywa ya muntu. Mukijifungia bote na mbabula, munapumuliana."

"Batoto bangu bote balilelewa ku mbabula."

"Na kila mwezi wa sita habakukohoa?"

Ngosa akakamata mutoto, akatangulia inje.

Balipofika nyumbani, Gaëlle hakuvua hata viatu. Akaanza kufunga nguo za mutoto mu kitenge.

"Mama, naenda kwa mama yangu, Kipushi. Mu ile moshi Ariel hatalala tena."

"Weye njo utanifundisha munkoyo?"

"Munkoyo ni yako, mama. Pika. Mimi nasema mutoto."

Ngosa hakuwa muntu wa kuambiwa. Lakini akanyanyua mbabula, akaitoa ku baraza. Akakusanya ndobo, moja moja, akazifunika na blanketi ya kitanda chake, joto isitoke. Akarudi kung'oa lile gunia ku dirisha. Mupepo ikaingia.

"Haiko ju ya ule musichana wa centre," akasema. "Moshi inaharibisha munkoyo."

Gaëlle akafungua kitenge, akarudisha nguo za mutoto.

Tangu pale banywaji bakakaa inje na makoti, bakinung'unika, na munkoyo ikawa ya kungojewa siku zaidi. Paulin akauliza kama mulango umekufa.

"Ndani iko mutoto. Inje iko ukuta. Egemea," Ngosa akasema.

Ariel akakohoa siku zingine, kisha akarudilia kunyonya muzuri. Ngosa alimaliza ile baridi akilala na vitenge tu. Blanketi ilibakia ku ndobo.