Mayai ya Mbao

Asubuhi ile mshonaji alikuta majani ya kiota yameloa ute. Hakuita mtu. Aliyazoa, akayafukia nyuma ya banda la kuku, akajifuta vidole kwenye upindo wa gauni kama mtu anayefuta ushahidi. Kuku mwenye madoa alimtazama kwa jicho moja. Kiini kilikuwa kimemkaukia mdomoni.

Haikuwa mara ya kwanza. Banda likiwa kimya, moyo ulimruka. Kuku wakitetea, ulimruka vilevile. Alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka kabla tumbo halijaonekana, na hii ilikuwa imefika palepale zilipofika zile. Ushonaji alisomea chuoni, mambo ya mikosi hakuyaamini. Lakini mama anayekula mayai yake mwenyewe, uani kwake, miezi hii? Alijikataza kuliwaza jambo hilo, nalo likazidi kumganda.

Mama mkwe, ambaye hakuna kinachompita, aliyafukua majani kwa ncha ya fagio.

"Wameanza lini kula mayai?"

"Jana tu, mama."

"Jana gani inanuka hivi? Mficha uchi hazai, mwanangu."

Neno likaanguka katikati yao. Mama mkwe mwenyewe alilisikia limeshatoka, akainamia fagio lake. "Nasema habari za kuku," akanong'ona. Kisha akapaza sauti, kama anayefukuza aibu: "Kuku akishaonja yai haachi. Mtie chunguni leo leo!"

"Mama naye!" seremala, mwanawe, alidakia kutoka kwenye karakana yake pembeni mwa ua. "Kwako kila ugonjwa dawa yake mchuzi. Siku nikikohoa nitaihama nyumba."

Mkewe hakucheka. "Msimchinje," alisema, na sauti yake ikawashtua wote, yeye mwenyewe akiwamo. "Tafadhali. Akichinjwa..." Hakumaliza. Akichinjwa itakuwa kweli: kwamba wapo mama wasiofaa, na hukumu yao ni moja.

Seremala aliweka randa chini, akaja. Hakumtazama kuku. Alitazama ardhi, ambako nusu za maganda zilikuwa zimezagaa kama vikombe vya watoto.

"Nani anawatupia haya?"

"Mimi. Wapate chokaa."

"Hivihivi, bila kuyasaga? Basi yai wanalijua kwa sura. Tumewafundisha wenyewe, mke wangu. Yakaushe, uyatwange yawe unga."

*Tumewafundisha.* Angeweza kusema *umewafundisha*. Hilo alilishika.

Siku hiyo aliunga vipande vya kitambaa cheusi, akashona pazia la kuning'iniza mbele ya kiota, kuku atage gizani asione cha kudonoa. Mumewe alichonga mayai ya mbao, akayapiga msasa hadi yakateleza mkononi. Wakayalaza kiotani, mla mayai adonoe aumie mdomo, aache.

Kesho yake alikaa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, asishone. Ko. Ko, ko. Mdomo juu ya mbao. Kila pigo alilisikia chini ya kitovu. Kisha kitu kikamfinya huko chini, kidogo tu, kikaachia. Alibana mapaja. Hakumwambia mtu.

Ko. Halafu kimya. Kimya kirefu. Mara kuku akatetea.

Aliinuka akiwa ameshikilia ukuta. Alipenyeza mkono nyuma ya pazia. Baridi. Baridi tena. Kisha joto.

Hakuthubutu kulitoa. Huenda lina tundu upande wa chini. Alilizungusha kwa kidole taratibu, akapapasa ganda lote, akarudia.

"Limo?" Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, sijui tangu saa ngapi.

"Limo."

"Zima?"

"Zima, mama."

Mama mkwe alilipokea kwa viganja viwili. Akamtazama mkwewe usoni, akaona jasho, akaona mkono ulioshika tumbo. Safari hii hakuwa na methali.

"Hili nitalibeba mimi," alisema. "Wewe nishike bega. Polepole."

Maumivu hayakurudi, kama yameondoka au yanasubiri, hakujua. Kutoka bandani hadi mlango wa jikoni ni hatua chache tu, lakini waliziendea kama watu wanaovuka utelezi.