Picha Niliyosema Iko kwenye Seva

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku la chuma lililokwaruzwa ubavuni, kompyuta ya zamani iliyotupwa na ofisi moja ya mjini baada ya kununua nyingine. Niliiokota, nikaitoa vumbi kwa brashi ya rangi, nikaiweka juu ya meza nyuma ya mashine ya fotokopi, na tangu siku hiyo nikawa naiita seva. Kila aliyeingia dukani nilimwonyesha. Nililipenda neno hilo, na nilipenda jinsi watu walivyonyamaza nikilitamka.

Duka letu ni secrétariat, kama tunavyosema hapa Likasi: tunachapa barua, tunatoa kopi, tunatengeneza picha za vitambulisho na za misiba. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta. Picha zilikuwa kazi ya mama mmoja wa umri wa mama yangu, mjane, mtu wa misa ya asubuhi, aliyeanza kazi hiyo enzi za filamu, akirekebisha nyuso za watu kwa penseli na wembe. Kompyuta alijifunza ukubwani, polepole, ila mkono wake haukuwa na mfano. Marehemu aliyepigwa picha akiwa na fulana iliyotoboka, mama alimvalisha koti na tai, na watoto wake wakaapa kwamba koti lile wanalikumbuka.

Siku moja programu yetu ya picha, ambayo sote tulijua hatukuipata kwa njia ya halali, ikakataa kufunguka. Nikajipiga kifua. Nikasema nitaweka nyingine, programu huria, ya bure, inayofanya kazi ndani ya kivinjari, yaani kile kile tunachofungulia intaneti. Nitaiweka kwenye seva, na kompyuta zote tatu za duka zitaitumia. Ilinichukua siku mbili. Bando liliisha mara mbili kabla faili halijashuka lote. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Nilipomaliza kupanga kila kitu kwenye folda zake na kuandika anwani, nilipata ukurasa mweupe, mtupu. Nikatukana. Kumbe seva haikuwa na ruhusa ya kusoma folda niliyoiwekea. Nikairekebisha, nikaandika anwani tena, na safari hii brashi, mkasi na rangi zote zikajipanga pembeni mwa skrini. Nilipiga kelele hadi muuza vocha wa mlango wa pili akaja kuchungulia.

Katika maelezo ya programu ile kulikuwa na mstari mmoja. Niliusoma nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Ulisema kwamba picha hazipandi kwenye seva. Zinabaki ndani ya kivinjari cha kompyuta anayofanyia kazi mtu. Seva inatoa programu tu, basi. Nikaona ni jambo zuri, siri za wateja zinalindwa, nikaendelea na mstari uliofuata. Nasema haya ili ijulikane kwamba niliusoma. Sina pa kujifichia kwa kusema sikuambiwa.

Nikamfundisha mama kuhifadhi kazi yake.

"Unafinya hapa, mama, enregistrer. Inakuambia ni sawa. Kesho ukifungua, kazi yako unaikuta."

"Na courant ikikatika?"

"Iache ikatike. Iko mu serveur."

Na kweli kesho yake aliikuta, kwa sababu kivinjari cha kompyuta yake kilikuwa kimeitunza. Akaniamini kabisa. Simu ya duka, aliyopigia picha za wateja, ilikuwa na nafasi ndogo na ilijaa kila mara. Nikamwambia awe anazifuta picha humo kila jioni. "Juu ya nini uzichunge mara mbili?" nilimwuliza, kama mtu anayejua.

Wiki chache baadaye akaja dada mmoja wa mtaa wa Shituru. Baba yake, mzee aliyemaliza maisha yake ya kazi kwenye reli, alikuwa amelala nyumbani na madaktari walikwishamwachia Mungu. Dada akafungua kitabu cha sala, akatoa picha ndogo iliyopasuka katikati, na doa la maji limekula shavu zima. Alikuwa mama yake. Mama huyo alifariki dada akiwa hajaanza kutambaa, na hakukuwa na picha nyingine. Baba alitembea nayo mfukoni miaka yote, hakumpa mtu, na sasa alikuwa ameomba azikwe nayo.

"Minye siwezi kumukatalia," dada alituambia. "Lakini kama inaenda naye, mama yangu nitamuona wapi?"

Mama wa picha akaipiga kwa simu ya duka, akamrudishia papo hapo, maana mzee alikuwa akiiulizia kila saa. Kisha akaifungua kwenye programu yangu na akaanza kazi. Siku nne aliishughulikia sura ile. Aliziba mpasuko, akalijenga shavu kutokana na shavu la pili, akasafisha nywele uzi mmoja mmoja. Aliniita nione midomo. "Ona, alikuwa anataka kucheka, mupiga photo anamukataza." Kila jioni alifinya pale nilipomwonyesha, na tangu jioni ya kwanza alikuwa ameifuta picha kwenye simu, kama nilivyomwagiza.

Siku ya tatu mzee alifariki. Ijumaa alasiri mama akamaliza. Wino wa rangi ulikuwa umetuishia, tuliutarajia Jumatatu kutoka Lubumbashi, kwa hiyo kuchapa ilibidi kungoje. Dada alipita jioni hiyo akiwa na kitambaa cha msiba kichwani. Alipoiona sura kwenye skrini alijifunika mdomo kwa kitenge. Alilia, na mama akalia naye. Kisha akanigeukia mimi, akigusa mkoba wake.

"Ndugu, kesho tunazika. Ile photo niko nayo mu sac. Niambie kweli, hii ya mu mashine iko salama?"

"Dada, iko mu serveur. Haiwezi kupotea."

"Basi baba nitamuwekea ile photo yake mu sanduku."

Simu yake ilikuwa ya vibonye, haikuweza kupokea picha. Ningeweza kuiweka kwenye flash, kazi ya dakika moja. Sikuona haja. Nilikuwa nimekwishatoa neno langu, na nililipenda mno neno hilo.

Jumamosi mama alikwenda msibani, nikabaki peke yangu. Kompyuta yake ilikuwa ikijikokota kwa siku kadhaa, na mimi, kwa nia njema, nikasema nimsaidie, Jumatatu aikute nyepesi. Nikafungua kivinjari, nikakisafisha chote: historia, vitu vilivyohifadhiwa, kila kitu, kama nilivyowafanyia wateja mara nyingi. Ilikuwa yapata saa nne na nusu asubuhi. Nikafungua programu ya picha nione kama imekuwa nyepesi. Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa tupu.

Nikaenda kwenye seva, nikapekua folda moja baada ya nyingine. Humo mlikuwa na programu tu, kama nilivyoiweka. Nikashika simu ya duka, hakuna. Hapo ndipo nilipoukumbuka ule mstari niliousoma na chai yangu.

Sasa nifike mahali ninapopakwepa kila ninaposimulia habari hii. Ilikuwa saa tano kamili. Sanduku la mzee lingefungwa nyumbani saa sita, ndipo waende kanisani. Namba ya dada ilikuwa kwenye daftari la wateja, mbele yangu. Namba ya mama niliijua kwa kichwa. Nilikuwa na saa nzima, na maneno yaliyohitajika yalikuwa machache: usiiweke hiyo picha. Nilishika simu. Nikaiweka chini. Nikajiambia kwamba kuna programu za kufufua vitu vilivyofutwa, nitaipata kabla mtu hajajua. Nikapakua moja, nikaiwasha, nikakaa nikiitazama ikitambaa. Sikuwa na tumaini nayo, si kweli. Niliona aibu tu. Niliona aibu kuwa mtu ambaye jana alisema haiwezi kupotea na leo anapiga simu msibani kusema imepotea. Saa sita ikapita nikiwa nimekaa. Ile programu ilifufua matangazo na nembo za tovuti, basi.

Mama alirudi alasiri, viatu vyekundu kwa udongo wa makaburini. "Amemuwekea baba yake pa kifua," akaniambia. "Bantu yote balilia." Nikamwuliza kama amekula.

Jumatatu wino ulifika. Mama akafungua kompyuta yake.

"Baba, kuya uone," akaniita. "Haiko."

Nilikuwa na siku mbili za kujiandaa kusema kweli, na badala yake nilikuwa nimejiandaa vingine. Nikamwuliza habari za Ijumaa. "Vendredi ulifinya enregistrer, mama?"

"Nilifinya."

"Hakika? Juu kama ungefinya, ingekuwa mu serveur."

Nilimwona akianza kujitilia shaka. Nilikuwa nimesimama karibu naye na niliona kila kitu usoni mwake. Alitazama kibodi, akautazama mkono wake. "Yule dada alikuwa analia," akasema. "Na minye nililia. Pengine... pengine sikufinya."

"Inatokea, mama," nikamwambia. Nilimwambia kwa upole. Nauchukia upole ule hadi leo.

Dada alipokuja, mama hakuniachia mimi nieleze. Alisimama, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Ni minye. Nilisahau kufinya. Unisamehe, mutoto yangu." Dada hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, kisha akauliza kama hata kipande hakikubaki, hata jicho moja. Mama akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nikibadilisha wino kwenye printa, nikiendelea kuubadilisha muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tangu hapo mama hakugusa tena picha za marehemu. Alifanya za vitambulisho tu. Lakini kila mchana, wateja walipopungua, alifungua ukurasa mtupu na kujaribu kuichora upya ile sura kwa kukumbuka. Alimwita dada aje akae mbele yake, mara mbili, ili apate paji la uso na masikio. Mara ya pili dada aliitazama kazi kwa muda, akasema taratibu, "Mama, huyu ni minye." Mama akafunga ukurasa. Hakuufungua tena.

Niliishi na hilo miezi kadhaa. Nilipunguza kula, nikawa mkali kwa wateja kwa mambo ya kijinga. Hatimaye mchana mmoja mama alikuwa anakula bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa la Tshangalele, nikavuta kiti, nikamweleza. Nikamwambia kwamba alifinya. Kwamba picha haikuwahi kuwa kwenye seva hata siku moja. Kwamba ni mimi niliyesafisha kivinjari. Nikamfungulia hata ule mstari wa maelezo, nikamtafsiria.

Alinisikiliza hadi mwisho, akanawa vidole.

"Weye uko na roho muzuri," akasema. "Lakini usidanganye juu ya kunisaidia. Minye najua. Ile vendredi sikufinya. Naona hata mukono yangu vile ilibakia pa meza."

"Mama, ulifinya. Minye njo nilifuta."

"Bintu bya mashine unaweza kunionyesha yote. Sitajua." Akacheka, akanipiga bega. "Acha. Mungu alishanisamehe."

Kumbukumbu ya mkono ule juu ya meza nilimpa mimi. Haukuwahi kubaki pale. Nilirudia mara mbili, tatu, kisha nikaacha, na niliacha mapema, kwa sababu kulikuwa na nafuu fulani katika kutoaminiwa. Kuhusu saa tano na saa sita sikumwambia neno.

Naye akamsimulia dada. Dada akaja dukani wiki iliyopita, amevaa vizuri, msiba umekwisha. Mama alikuwa kwenye kiti chake nyuma yangu, anatabasamu.

"Mama ameniambia," dada akasema. "Ulitaka kubeba kosa yake. Nimekuja kusema asanti."

Nikasema hakuna cha kushukuru. Ndilo neno la kweli pekee nililolisema siku hiyo.

"Minye sikasirikie muntu," akaendelea. "Najua, ndugu. Kama ungejua mbele, kabla bafunge sanduku, ungeniita."

Akanitazama, akingoja jibu.

"Ningekuita, dada," nikamwambia.