Mstari wa "Kwao"

Nilipomaliza sekondari, katika miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipambana na uasi wa Wakikuyu, mwalimu wangu alinitafutia nafasi ya kujifunza ukarani katika ofisi moja ya serikali, Nakuru mjini. Miezi miwili, bila mshahara. Nilichotaka ni barua ya sifa tu. Bila barua hiyo, kazi ya ofisi ningeisikia kwa wenzangu.

Karani mkuu, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni, alinifundisha kazi kwa asubuhi moja. Kila aliyetaka ruhusa ya kukaa mjini alijaziwa fomu. Swali moja, jibu moja. "Wakianza hadithi, kata," aliniambia. "Fomu haina mahali ya hadithi." Nilishika upesi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri na ulinipandisha kichwa. Wale waliopanga foleni dirishani niliwaona kama watu wa kunichelewesha.

Siku moja akaja mama mjane, Mkikuyu, na watoto wawili. Mumewe alikuwa amefariki, naye aliomba aachiwe chumba chao ili awe karibu na mama yake mgonjwa, aliyekuwa katika shamba la mzungu kule Subukia. Alipoanza kunieleza habari za huyo mgonjwa, nikamkata, nikafika kwenye mstari wa "Kwao".

"Kwenu ni wapi, mama?"

"Kwetu ni Murang'a," akajibu, ameinua kichwa.

Nikaandika Murang'a. Fomu ikapigwa muhuri. Siku hizo, Mkikuyu aliyeandikwa kwao Murang'a alirudishwa Murang'a, hakuna mjadala.

Baada ya siku tatu alirudi na karatasi ya kuhamishwa.

"Kijana, uliandika nini hapa? Mimi sijawahi kufika Murang'a hata siku moja. Mimi nilizaliwa Subukia."

"Lakini mama, si ulisema ni kwenu?"

"Uliniuliza kwetu, nikakuambia kwa babu yangu. Ungeniuliza nimezaliwa wapi, si ningesema?"

Ningewezaje kusema sikuelewa? Mimi mwenyewe nilizaliwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapo Nakuru, na bado kila aliyeniuliza kwetu nilimjibu Maragoli, mahali nilipofika mara mbili tu, zote kwa mazishi. Sote tulijibu hivyo. Niliyajua hayo kabla sijajua kusoma.

Nilipeleka fomu kwa karani mkuu. Hakuigusa. "Muhuri imeshaingia. Unataka ifutwe? Nenda kwa bwana mkubwa, mwambie ulikosea. Lakini ile barua yako sahau."

Nikaenda. Bwana mkubwa, Mzungu, aliinua macho, akaniuliza nataka nini. Fomu ilikuwa mkononi. Nilimwambia nimekuja kuuliza kama anahitaji wino.

Nilimrudia yule mama dirishani, nikamwambia haiwezekani. Hakulia wala kunitukana, afadhali angenitukana. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia kifuani. Jumatatu nilimwona juu ya lori, mtoto mmoja mapajani na mwingine amekalia sufuria, wakipelekwa kwao. Subukia haikuwa mbali, lakini hata kwenda kumuaga mama yake hakuruhusiwa. Mimi nilikuwa dirishani, nachovya kalamu.

Tangu siku hiyo nilichukia kila kitu pale, na nilijichukia zaidi, ila kazini niliendelea kufika mapema.

Miezi miwili ilipokwisha nikapewa barua yangu. Iliandikwa kwamba najaza fomu kwa usahihi. Nafasi ya ukarani ilikuwa wazi pale pale, na karani mkuu akanisukumia fomu nijijazie mwenyewe. Nilipofika kwenye mstari wa "Kwao" nilichovya kalamu upya. Nikaandika Nakuru.

Aliisoma, akacheka mpaka akavua miwani. "Nakuru ilikuwa kwenu lini, wewe?" Akapiga mstari juu ya neno langu, na kwa mwandiko wake akaandika Maragoli.

Nikamwambia ahsante, nikatia sahihi.