Nusu ya Pili ya Filamu

Wiki iliyopita, kwenye basi la Nzega, waliweka filamu ambayo utotoni niliwahi kuiona nusu tu, katika banda la video pale Tura.

Banda lile lilinuka petroli ya jenereta na karanga za kukaanga. Mtafsiri alikaa na kipaza sauti kando ya televisheni, na ili watu wacheke, aliwapa wahusika majina ya watu wa kijijini kwetu. Siku hiyo, katika filamu hiyo, tajiri alikutwa jikoni kwake amechomwa kisu. Polisi wakamfunga pingu mfanyakazi wa ndani, mwanamke mwembamba aliyekuwa akilia.

"Mama Kabula huyo! Kamuua bosi wake!" mtafsiri akapaza sauti.

Watu wakaangua kicheko. Kabula ni mimi. Mama yangu alikuwa amepanda treni kwenda Dar kufanya kazi za ndani, na tangu hapo hatukupata hata salamu. Kabla sijaona yule mwanamke anapelekwa wapi, petroli ikaisha, jenereta likazimika.

Nyumbani nilimkuta bibi akibangua karanga.

"Bibi, mama yuko jela?"

"Nani kakwambia?"

"Nimemwona kwenye video."

Mikono yake ilisimama.

"Basi tumwombee, mjukuu wangu."

Nilimwombea miaka mingi. Sikumkasirikia hata siku moja; mtu aliyefungwa atakujaje? Ukubwani ndipo nilipojua kwamba hakuwahi kufungwa popote.

Kwenye basi niliona nusu iliyobaki. Muuaji alikuwa mke wa tajiri. Yule mwanamke mwembamba aliachiwa, na siku hiyo hiyo akarudi kwa mtoto wake.