Mwavuli wa Hilda Raistrick

Kwa miaka thelathini na moja Hilda Raistrick amefagia kinyesi cha popo katika kanisa la kijijini kwao, na mpaka leo tumbo humchafuka kila akishika ufagio. Sheria ya nchi yao inawalinda popo, kwa hiyo hakuna wa kuwafukuza. Asubuhi ya harusi ya bintiye, Janine, alisugua madhabahu mara mbili, na mara mbili wakaichafua.

“Kasisi, hawa wageni wako wananyea mpaka vitabu vya nyimbo!”

“Vumilia, Bi Hilda. Nao ni viumbe vya Mungu.”

“Basi Mungu aje na ndoo.”

Janine aliposimama mbele na gauni jeupe la marehemu bibi yake, tone la mkojo likaanguka karibu na bega lake. Hilda hakungoja la pili. Aliinuka, akafungua mwavuli, akamkinga.

“Mwavuli ndani ya kanisa!” mama wa bwana harusi akafoka. “Unawatilia nuksi watoto!”

“Nuksi hainuki, mwenzangu. Haya yananuka.”

Kasisi akaendelea na viapo. Kabla ya pete, mwavuli ulikuwa umedondokewa mara tatu. Gauni lilitoka kanisani jeupe, na Hilda akaenda kutapika nyuma ya makaburi.