Fomu ya Mama wa Barazani

Baba alikuwa na duka la mashuka na mapazia Kariakoo, na mbele ya duka, barazani, alikaa mama mmoja kutoka Lindi akiuza soksi na vitambaa vya kichwa. Nilimkuta hapo nikiwa darasa la pili. Nilipoingia chuo kusomea sosholojia alikuwa bado yupo, na kiburi changu kilinituma niamini kwamba mimi ndiye nitakayemweleza kwa nini watu hawalingani.

Chuoni kulikuwa na maelezo ya kila namna. Niliyoyapenda ni yale yasemayo kwamba kazi ngumu hulipwa vizuri, hivyo wenye uwezo hupanda na wengine hubaki chini. Yalinifaa. Baba alishuka kutoka Kilimanjaro na begi moja, akajituma, akapata duka. Walikuwepo pia wanaosema mwenye mali hunenepa kwa jasho la asiye nayo, lakini hao niliwakariri kwa ajili ya mtihani tu.

Ikaja Desemba. Sisi Wachaga wa Kariakoo Krismasi tunapanda nyumbani, na duka tulimwachia yule mama kila mwaka. Mwaka ule nilichelewa siku tatu kwa kazi za chuo, nikamwona. Jamani, yule mama! Aliingia ndani, akajifunga kanga upya, akakaa kwenye kiti cha baba. Alijua mteja wa Mbagala anataka pamba tupu na wa Kigamboni hapendi maua. Hakufungua daftari hata mara moja. Wateja walewale waliozoea kumpita barazani bila salamu sasa walisema, "Shikamoo, bosi." Aliitikia marahaba bila kutabasamu, nami nikavunjika mbavu. Maelezo yangu niliyoyapenda yakafia pale juu ya bunda la mashuka. Uwezo alikuwa nao siku zote; alikosa kiti.

Januari fremu ya duka la jirani ikawa wazi, naye akaitaka. Mwenye nyumba alikubali kwa sharti moja: apate mdhamini mwenye leseni ya biashara, asaini fomu kabla ya Ijumaa jioni. Jumatatu akamletea baba.

"Mzee, naomba unishike mkono," alisema.

Baba alimheshimu sana, ndiyo maana jibu lake liliniuma. Alimsubiri atoke, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nikimsainia huyu, Desemba duka nitamwachia nani?" Akaiweka fomu chini ya kalkuleta.

Nilikasirika. Nilitaka kumhutubia kama niko jukwaani Mnazi Mmoja. Halafu nikakumbuka kwamba leseni ya duka ina jina langu. Baba aliiandikisha hivyo nilipofikisha miaka kumi na minane, wakati sijawahi kuuza hata foronya moja. Ningeweza kuichukua fomu na kusaini palepale.

Sikusaini Jumatatu. Jumanne pia sikusaini, wala Jumatano, wala Alhamisi. Nilijiambia namheshimu baba. Uongo mtupu. Nilikuwa nawaza nani atabaki dukani Krismasi, nikajiona mimi, peke yangu, ndugu zangu wote wako mlimani wanakula nyama. Katika madaftari yangu yote sikuwa nimeandika sababu hiyo: kwamba mtu asiye na ubaya wowote anaweza kumwacha mwenzake chini kwa kuwa pale alipo panamfaa yeye.

Siku zote hizo yule mama hakuniuliza kitu. Alifika kabla yetu, akafagia baraza, akaitikia shikamoo yangu kwa uchangamfu uleule. Ningekuwa mimi ningenuna mpaka mtaa mzima ujue. Yeye hakutununia wala hakutubembeleza, na mpaka leo nastaajabu moyo ule aliutoa wapi.

Ijumaa mchana nilisaini. Nikampelekea pale barazani, nikaanza kueleza kwamba mzee alikuwa na shughuli nyingi, kwamba mimi nami nilibanwa na masomo.

Aliniacha nimalize. Aliisoma fomu taratibu, mpaka kwenye jina langu.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Mzee nilimpa kwa heshima tu. Leseni mmeitundika ukutani, na mimi kusoma najua. Tangu Jumatatu nilikuwa nakusubiri wewe."