Mahali Kavuo Alipoiweka Klasi Yake

Kavuo hakuwa mvivu, tuseme hilo kwanza, maana watu walimsema sana baadaye. Alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Butembo wenye duka Masisi, amesomea informatiki Goma. Mwaka 2024, vita ilipotawanya watu wa Kalembe, komite ya wakimbizi ilimpa ordinateri, yaani kompyuta, na kazi moja: kutunza orodha ya watoto waliopoteana na wazazi njiani.

Kazi hiyo, kwa desturi yetu sisi Wanande, watu wa kina Kavuo, ni balaa. Tunaitana kwa zamu ya kuzaliwa. Mwana wa tano wa kiume ni Katembo, nyumba hii na nyumba ile. Ukitafuta Katembo mmoja, orodha inakumwagia arobaini na mmoja. Basi Kavuo alijifungia wiki tatu akaandika klasi yake mwenyewe, kipande cha programu cha kulinganisha majina ya ndugu, kilima walichotoka na makovu ya mwili. Ikafanya kazi, jamani. Watoto tisa walirudi kwa mama zao.

Kosa ni pale alipoiweka. Orodha aliijenga juu ya kiunzi cha tovuti, programu tayari ya watu wengine, chenye dosie lake, yaani folda ya kazi za waliokitengeneza. Mwenye mradi ana dosie lake pembeni. Kavuo aliona klasi nyingine za kutafuta mle kwenye dosie la kiunzi, akaona yake nayo ikae na wenzake. Faustin, aliyesoma naye, alimwonya kwa simu kwamba siku kiunzi kikisasishwa, kila kitu mle kinafutwa na kuletwa upya. Kavuo akasema ataihamisha kesho. Kesho hiyo! Nani kati yetu hana kesho ya namna hiyo?

Jumatatu akaja Mama Solange wa Kalembe, anamtafuta Katembo wake wa miaka sita. Asubuhi hiyo mtandao ulikuwa mzuri, jambo la nadra, na Kavuo akaona asasishe kiunzi kwanza, ndipo amtafute mtoto. Dosie likafutwa lote, likaja jipya. Klasi haikuwemo. Nakala pia hakuna, kwa kuwa dosie la kiunzi halihifadhiwi pamoja na kazi ya mwenye mradi.

Orodha ilibaki, ila na Katembo wale wote arobaini na mmoja; Kavuo na komite wakajaribu kupigia vituo vinavyopokea watoto, kimoja kimoja, lakini simu nyingi hazikushika. Kavuo akaandika upya, hali, halali, machozi yanamtoka. Kila asubuhi Mama Solange alikuja akakaa nyuma yake.

Ijumaa klasi ikajibu: Katembo, miaka sita, kovu la moto mkononi, kituo cha Kibua. Safari hii simu ilishika. Floribert, mlinzi wa kituo, akaeleza kwamba jana risasi zilifika, watoto, Katembo akiwemo, wakakimbilia msituni, na hakuna aliyeandika nani kaenda na nani.

"Ile siku ya kwanza nilikuja," Mama Solange akauliza taratibu, "mutoto alikuwa kule?"

"Alikuwa kule, Mama. Mimi njo nilimupoteza."

Mama Solange hakumlaani. Afadhali angemlaani. Alijifunga kitenge chake vizuri, akatoka.

Sasa klasi iko katika dosie la mradi, mahali pake hasa, na nakala ziko Goma na Butembo. Kila asubuhi Kavuo anaandika tena jina lile, na kila asubuhi inamjibu mara moja, bila kukosea: Katembo, miaka sita, Kibua.